Kitabu Kisicho na Matanga

Shirere,
Kakamega.
14 Septemba 2025.

Mpendwa dada Winrose,

Mulembe! Pokea salamu zetu sote. Natumai huko Halifax baridi bado haijawavamia, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu upunguziwe zamu za usiku. Sisi tu wazima. Mvua haitupi nafasi ya kuanika mahindi, lakini tunashukuru Mungu.

Kile kitabu ulichomtumia binti yangu Natasha kilifika wakati wa likizo. Uliniomba nikuambie tumekionaje. Unaujua mdomo wangu, kwa hivyo vumilia: hakikutufurahisha.

Kinaanza vizuri, siwezi kukinyima hilo. Vijana sita wako kwenye nyumba katikati ya msitu, daraja limesombwa na mto, na mtu aliyevaa kinyago ananoa kisu gizani. Natasha alikuwa akinisomea na kunifasiria huku tukipukuchua mahindi, nami nikasahau maharagwe motoni yakaungua. Lakini kufikia sura ya nne nilishajua muuaji ni yule mwalimu mpole, maana ndiye pekee ambaye mwandishi alimsifu kila alipoingia. Kuanzia hapo ni mbio na mayowe tu. Mmoja anasikia kishindo darini, anapanda peke yake kutazama. Mwingine ameshaponyoka, anarudi kuchukua chaja ya simu! Wangekuwa watoto wangu ningewachapa kabla muuaji hajawafikia.

Hayo ningeyasamehe. Kilichoniudhi ni kwamba mtu anachinjwa leo, na kesho wenzake wanakunywa chai na kubusiana. Hakuna anayepiga simu kwao. Katika kitabu kizima hakuna mzazi hata mmoja.

Sasa, Mama alikuwa kwangu wiki hiyo kwa sababu ya macho yake, amelala kwenye kochi. Sikudhani anafuatilia. Msichana wa tatu alipouawa na kutupwa mtoni, akamkatiza Natasha: "Huyo mtoto hakuwanga na mama?"

Natasha akasema kitabu hakijasema.

"Na wamemzika wapi?"

Natasha akafunua mpaka kurasa za mwisho. Hakuzikwa popote. Aliyebaki hai anapanda gari, jua linachomoza, basi.

"Hata mgomba hawakuzika?" Mama akauliza. Natasha akakifunga kitabu.

Unajua kwa nini. Mwaka wa saba huu tangu kaka yetu Shikanga aende kukagua mizinga yake ya nyuki huko Buyangu asirudi. Tulizunguka msitu na majirani na askari wa msitu, tukapata koti lake tu, limetundikwa kwenye tawi. Wazee walipotaka tuzike mgomba mahali pake, kama inavyofanywa mtu asipopatikana, Mama aliwafukuza bomani. Alisema atakayechimba shimo ndiye atakayekuwa amemuua mwanawe. Na kila mavuno ya asali amemwekea Shikanga fungu lake, hatuthubutu kulionja.

Jioni hiyo hakula. Asubuhi alinikuta nikifagia uani akasema, "Jescah, mimi nimekuwa kama huyo mwenye kuandika kitabu. Mtoto wangu nimemwacha tu huko kwa msitu, hata matanga sijamfanyia."

Nililia, dada. Nilitaka kumwambia si kweli. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikiomba akubali, na alipokubali nikatamani abaki mbishi kama zamani.

Tutamzika Shikanga Jumamosi ya pili ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mgomba Mama ameuchagua mwenyewe, ule wa nyuma ya jiko, kwa sababu anaona una kimo chake. Tutauvalisha lile koti. Asali ameitoa yote, wapewe waombolezaji.

Usijilaumu kwa ajili ya kitabu. Uliona msitu kwenye jalada ukakumbuka nyumbani, mimi naelewa. Ila Mama ana ombi moja. Wewe na Shikanga mlikula sahani moja tangu mkiwa wadogo, naye anataka uwe wewe wa kumzungumzia kaburini. Ukinyimwa ruhusa kazini, tuandikie maneno hayo, Natasha atayasoma. Usiandike alivyopotea, hayo kila mtu anayajua. Andika alichokuwa akiogopa, alivyokuwa akicheka, na nyimbo alizokuwa akiwaimbia nyuki akidhani hatumsikii. Kile kitabu kiliua watoto watano na hakikutuambia lolote la namna hiyo kuhusu hata mmoja wao.

Msalimie sana shemeji Wanzala na mapacha. Natasha anakusalimu, na shangazi Navalayo anauliza kama bado unakula ugali. Mama amesema nikuandikie tu kwamba anakungoja.

Mungu akufunike kwa mkono wake, na akufikishe kwetu kabla hatujaanza kurudisha udongo.

Dada yako asiyekusahau,
Jescah