Kidole cha Mwanao

Shemeji mpendwa,

Soksi ulizofuma zimefika. Nesi amemvika mwanao akasema, "Baba, sasa huyu amependeza kuliko daktari wetu."

Mwanao bado amelala. Kifafa kilichomshika Jumatatu hakikusikia dawa ya kwanza wala ya pili, ndipo daktari akachanganya tatu. Zimemlaza kabisa, na mashine inampumulia. Kila asubuhi wanazipunguza waone kama kimetulia. Kikirudi, tunaanza upya. Tumeanza upya mara tatu.

Leo alifumbua macho. Ni yale yale ya mama yake, marehemu dada yako, ya mtu anayejizuia kucheka. Papo hapo kidole gumba chake cha kushoto kikaanza kutikisika. Nikakifunika kwa kiganja.

"Umeona chochote, mzee?" daktari akauliza.

"Hapana."

Alidhani nimemshika mtoto mkono tu. Sikutaka alazwe usingizi tena, shemeji. Tangu dada yako atuache, nyumbani hakuna sauti nyingine ila ya huyu mtoto. Lakini kidole kilizidi kunipiga kiganjani, na macho yake yakaacha kuniona. Nikafungua mkono, nikamwita daktari.

Wamemlaza tena na kuongeza dawa ya nne. Daktari hakunigombeza, ila aliniuliza nimekaa hivyo kwa muda gani.

Safari hii watasubiri hadi kesho kutwa ndipo wapunguze tena. Nimemwomba nesi anihamishie kiti upande wa kulia wa kitanda, mbali na kidole kile.

Ni mimi shemeji yako, wa hapa hapa wodini.