Uso Uliochorwa kwa Maneno Yangu

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele zikufikie huko ulikotupwa na kazi. Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unawageuza wagonjwa peke yako kama magunia? Wanangu je, wanakula, au wanakula viatu tu kwa kukimbia? Mimi mzima, ukitoa bega, na hilo bega ndilo litakalojaza barua hii. Keti kwanza.

Tangu tumzike kaka, ofisini nilikuwa mwili tu. Mhariri alichoka kuniona nimekodolea macho dirisha lile lile la ghorofa ya tatu ambalo kupitia kwalo nilimwona kaka akiuawa kule chini siku ya mgomo wa kiwanda cha nguo. Akanituma nikaandike habari za mchoraji anayeitwa Mkaa. Huyu huchora kwa mkaa, kwenye kuta za mji, nyuso za watu wanaodaiwa kuua. Shahidi humweleza, yeye huchora, uso mmoja urefu wa mtu mzima. Wako wanaomwita mtetezi, wako wanaomwita mchochezi. Wawili aliowachora walikwisha kupigwa na umati, mmoja akafa. Nilijua hayo, wifi. Sitakuficha.

Nilimkuta kwenye ghala lililokuwa la barafu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Nilikwenda kumhoji, akanihoji yeye. Aliniuliza nimefiwa na nani. Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu mazishi, nililia pale. Akangoja nimalize, akachukua karatasi.

"Pua?"

"Pana."

"Pana vipi?"

"Pana tu."

"Usinipe 'tu', dada. Nipe pua."

Nikampa pua. Nikampa nyusi, kidevu, kovu shavuni. Kutoka ghorofa ya tatu mtu huona kofia kuliko uso, lakini jicho lilipokosa, hasira ilijaza. Kesho yake uso ulikuwa ukutani mkabala na soko. Nilisimama mbele yake nikasikia utamu. Ndiyo, utamu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, mwenzangu wa ofisini akaja anahema: wamempata. Nikakimbia. Walikuwa wamemtoa fundi wa kuchomelea bandani mwake, miwani ya kazi bado usoni, wanamponda kwa matofali na kwa nyundo yake mwenyewe. Miwani ilipasukia jichoni. Nyundo ilipotua shavuni nilisikia mfupa. Kovu alikuwa nalo, kweli. Lakini alijikinga kichwa kwa mkono mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umepooza, mwembamba kama wa mtoto, unaning'inia. Na aliyemuua kaka alishika chuma kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo pekee ninaloweza kuliapia. Mkaa hakuniuliza mikono. Nami sikumwambia.

Nikajitupa juu yake. "Siye! Mimi ndiye shahidi, siye!"

Mama mmoja mwenye mnyororo akanijibu, "Toka hapo, dada, tunakulipizia kisasi!" Mnyororo ukanishukia begani, mara ya kwanza, ya pili, mpaka mfupa ukavunjika. Damu ya fundi iliniingia mdomoni. Polisi walipofika na virungu vyao walianza na mimi, kwa kuwa nilikuwa juu.

Wiki iliyofuata nilikwenda ukutani na ndoo ya chokaa, mkono mmoja umefungwa. Mkaa alikuwa pale.

"Ukiufuta huo, kesho watataka nifute zote," akasema.

"Fundi amebaki na jicho moja!"

Akanisukuma nikaanguka juu ya lile bega. Nikainuka nikampiga ndoo ya uso, nyusi ikapasuka. Unajua alifanya nini? Alifuta damu kwa kiganja, akaokota mkaa, akaniambia nisisogee, mwanga umenikaa vizuri. Nilipaka chokaa huku akinichora.

Polisi niliwaandikia maelezo yote. Gazetini niliandika kosa langu kwa jina langu, mhariri akalichapa ukurasa wa ndani. Hospitalini mke wa fundi alinifungia mlango siku nne. Siku ya tano fundi mwenyewe aliomba niingie.

"Ni wewe uliyenilalia, au ni wewe uliyenitaja?"

"Ni mimi kwa yote mawili."

Akageukia ukutani. Sijarudi, wala sijui kama nina haki ya kurudi.

Sasa, wifi, lililonifanya nishike kalamu. Ile picha ya uso wa ukutani niliyokutumia nikakwambia "huyu ndiye", nawe ukanijibu kwamba umeichapisha ukampa mwanao mkubwa ili amjue mbaya wake: ichane mbele yake. Mwambie shangazi yake alikosea. Useme hivyo hivyo, usinipambe. Aliyemuua baba yake simjui. Nikifumba macho kumtafuta, anakuja fundi.

Nisalimie mama mkwe wa kaka, na dada yako mcheshi, na kitinda mimba unibusie mashavu yote mawili. Mungu awakinge na hasira za watu, na zenu wenyewe.

Ndimi wifi yako,
akupendaye hata usiponijibu.