Nilidhani ni Kambi ya Vijana

Hyattsville, Marekani, Januari

Muthoni mpendwa,

Nina aibu ambayo sijamwambia mtu ila wewe. Anti anamtunza bikizee mmoja kutoka Polandi, na juzi alinipeleka kwake. Njiani akaniambia, "Wakati wa vita huyu alikuwa kambini." Mimi nikawaza kambi yetu ya vijana wa kanisa! Anti alipoingia jikoni nikamuuliza bibi, "Kambini mlikuwa mnaimba nyimbo gani?"

Aligeukia dirisha. Nje theluji ilishuka taratibu kama unga unaochekechwa. Kisha akasema, "Tulilazimishwa kushona makoti ya askari wa Kijerumani, na njaa tumboni. Dada yangu alifia hapo. Tuliimba kwa pumzi tu, mlinzi asisikie."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alinishika mkono. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu nyimbo. Zenu ni zipi?"

Basi mimi, nisiyethubutu hata kuomba mbele ya watu, nikamwimbia mpaka akasinzia.

Anti akatokea. "We mtoto, umemfanya nini? Huyu halali mchana!"

Nimekukumbuka sana, na Mungu akutunze. Swali langu lifiche moyoni mwako, tafadhali. Hata Anti asilijue.

Wako,
Wairimu