Baba wa Mchumba Ameniwekea Fimbo za Gofu Nichague

Bi. Sundus mpendwa, kabla hujafika mstari wa pili nakusihi, yote utakayosoma humu yabaki kati yako na karatasi hii, usimsomee mtu, hata aliye mbali na visiwa vyetu, na kama ni lazima uichapishe basi badilisha majina na useme natoka Voi, maana nikijulikana sitaweza tena kupita mjini Amu mchana.

Mimi ni kijana, karani katika ofisi moja hapa mjini, nimesoma, sina tabia mbaya, na nimempenda binti anayeitwa Nadra, naye amenipenda, na wazee wangu wamepeleka posa kwao Shela wakapokewa vizuri, ila jawabu halijatoka, na ninaamini limekwama kwenye fimbo za gofu. Tafadhali usicheke. Baba yake, Bwana Abdulhalim, alifanya kazi Mombasa miaka mingi, huko akajifunza gofu, na alipostaafu alirudi nayo, ingawa huku kwetu hakuna uwanja wala nyasi za kuchezea, kwa hiyo asubuhi maji yakipwa huenda ufuoni akapiga mipira kwenye mchanga mgumu, na tangu posa ifike huniita nimfuate, nami husimama nyuma yake nimeinamisha macho, kwa kuwa si adabu kumkodolea macho mtu ambaye huenda akawa mkweo, na akishapiga nasema mashaallah bila kujua mpira umekwenda wapi.

Sasa baada ya Idi anakwenda Mombasa kucheza na ndugu zake, na anataka niende naye, wanione. Juzi aliniita nyumbani, nikakuta ameegemeza mikoba miwili dakani, pale ukumbini mbele ya mlango, kila mmoja una fimbo zake za chuma, akaniambia kwa Kiamu chake, "Kiyana, tukua zikupendezao. Nami takuangalia tu." Nikaomba nifikirie mpaka Ijumaa baada ya swala, akaniuliza kama ile posa nayo niliifikiria hivyo.

Nimezikagua zote kwa makini. Mkoba wa kwanza una fimbo nyembamba, vichwa vidogo kama kisu cha kumenyea viazi, nzuri sana, zinang'aa, nyuso zake hazina hata mkwaruzo na mishiko bado inanata mkononi, nadhani kwa jinsi mzee anavyozienzi. Za mkoba wa pili ni nene, kitako kipana, mgongo umechimbwa katikati, nazo zimechakaa, nyuso zimechubuka pale pale katikati, mishiko imelainika, na mmoja umezungushiwa utepe mweusi. Phineas, tunayekaa naye ofisini, ambaye amecheza kidogo huko bara, anasema hizo nene ndizo za anayeanza, kwa kuwa uzito wake umesambazwa kandoni, hivyo hata ukikosea kidogo mpira unainuka na kwenda karibu na ulikokusudia, lakini nyembamba zinataka upige mahali penyewe hasa, usipopapata utajua kwa viganja vyako. Hilo nimelithibitisha, maana mzee alipoingia ndani nilijaribu moja nyembamba hapo nje, mikono ikawaka moto, mpira ukatambaa uchochoroni ukapita chini ya tumbo la punda, naye hakutikisa hata sikio.

Nikichukua nene, nitakuwa nimekiri mbele ya ukoo mzima kwamba siwezi, na mtu asiyeweza fimbo ataaminiwaje kupewa binti wa watu? Nikichukua nyembamba, nitaaibika Mombasa badala ya Shela. Nadra nilimweleza yote haya kwa simu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi kapose hizo fimbo, mimi nipishe," akakata, na hadi leo hapokei.

Ukinijibu, usipige simu ya ofisini, na usitume ujumbe kwangu kwa sababu huwa unajitokeza kwenye kioo cha simu kila mtu akausoma. Mpe bahasha nahodha wa boti ya asubuhi, iandikwe jina la Phineas, na ndani uweke neno moja tu, "nene" au "nyembamba", ili atakayeifungua asielewe kitu.

Wako mwenye hofu,
Mtu wa Voi

BI. SUNDUS ANAJIBU

Mtu wangu wa Voi, majina nimebadilisha yote. Lakini Voi haina ufuo, mwanangu, na barua yako imejaa mchanga na maji kupwa. Ukitaka kujificha siku nyingine, niulize kwanza.

Nakuhurumia. Kungoja jawabu la posa kunamnyima mtu usingizi, na mzee anayesema "nitakuangalia tu" angemtetemesha hata asiye karani. Hofu yako naielewa. Akili yako ndiyo siielewi ilikuwa wapi. Umezikagua fimbo kuliko fundi wa vito, ukaandika mishiko ipi inanata na ipi imelainika, halafu ukapita kando ya jibu kama yule punda. Chuma kinachochubuka ni kile kinachopigiwa mpira. Umesimama nyuma ya mzee asubuhi zote hizo, na hujui ameshika zipi, kwa sababu ulikuwa unaangalia vidole vyake vya miguu. Adabu ni kitu kizuri, ila sikujua kwamba inafumba macho kabisa.

Hizo nyembamba alizinunua zamani, kwa ujana na maringo, zikamwunguza viganja kama zilivyokuunguza wewe, na tangu hapo zinakaa zinang'aa. Simjui mzee huyu, lakini najua sura ya kitu ambacho mtu amejinunulia akajuta. Anataka kuona kama utarudia kosa lake ili umpendeze yeye. Baba gani atamwoza binti yake mtu wa namna hiyo?

Ijumaa chukua nene. Zishike wima kwanza uone kama urefu unakufaa bila kujikunja. Zile ndefu za kupiga mbali ziache mkobani, anza na zile fupi, namba saba na tisa. Ufuoni tandika kipande cha mkeka mkuukuu chini ya mpira, mchanga ule mgumu unaumiza vifundo, na piga taratibu. Kisha mwambie, "Ami, mimi sijui, nifundishe." Hiyo haitakushusha hata kidogo. Na akianza kupiga, mtazame, mpaka mpira utue.

Nadra mpigie leo, kabla ya Ijumaa. Mwombe radhi, na neno fimbo lisitajwe.

Bahasha ya Phineas imeshaondoka na boti ya asubuhi. Uliomba neno moja, nimeongeza mawili: nene, macho juu.