Kitabu cha Nane

Jumatatu, 6 Mei 2019

Fomu imefika. Kurasa nne! Bodi ya shule inataka orodha kamili ya Fasihi ya Dunia: vitabu vinane, mwandishi, idadi ya kurasa, na kwa nini nimekichagua kila kimoja. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na saba, saa kumi jioni. Nimeliomba somo hili miaka kumi na moja. Mwakani nastaafu. Kwa hiyo nitalifundisha mara moja tu, na hiyo mara moja nataka iwe ya maana.

Ninavyo saba. Hadithi za Chile, yule mjane na mbuzi wake. Mashairi ya Kiajemi. Tamthilia ya Kipolandi ya watu kwenye foleni ya mkate — watoto watacheka, halafu watanyamaza. Vingine vinne vimo kwenye daftari la kijani. Cha nane sina. Na hicho cha nane ndicho cha kufungulia darasa mwezi wa tisa, ndiyo maana nakosa usingizi. Waliojiandikisha ni kumi na saba, na wengi wao hawajawahi kutoka nje ya jimbo hili.

Nilimpelekea mkuu wetu mpya, Bwana Salcido, kipande cha keki ya limau, maana alinitetea mbele ya bodi. Nikamkaribisha. Akachukua! Mara ya kwanza tu, bila hata hapana moja. Nikabaki nimeshika sahani. Mtu unamkaribisha, anakataa. Unamkaribisha tena, anasema usijisumbue. Ya tatu ndiyo anasema haya, kipande kidogo. Lakini katoka Arizona, hajamaliza hata mwaka Minnesota, tutamlaumu vipi. Alisema keki tamu sana. Ni mtu mwema.

Jumanne, 7 Mei

Stoo ya vitabu, saa mbili nzima. Vumbi mpaka kwenye meno. Cha nane hakimo. Kimo kile cha mashujaa wenye panga, nakala ishirini na nane, nilichokifundisha mpaka mashujaa wenyewe wananijua kwa jina.

Ndani ya majalada kuna majina ya watoto walioviazima, mwaka hadi mwaka. Nikakuta: Mai Yia Vang, 1987. Mai Yia wetu wa kantini. Alikaa karibu na dirisha. Hakunyoosha mkono hata siku moja, na jibu analo. Ilibidi umwite mara mbili, mara tatu, ndipo alitoe, na likitoka ni zuri kuliko ya wote.

Nimekaa juu ya boksi nikisoma majina. Wengine ni wazazi wa ninaowafundisha sasa. Wawili wameshafariki.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekipata. Si kitabu.

Nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Mai Yia akaniongezea viazi kama kawaida yake, kijiko cha pili, bila kuniangalia, kana kwamba kijiko kimeteleza chenyewe. Na hapo hapo nikakumbuka ule ukuta wa sebuleni kwake.

Mwezi wa pili mama yake alipofariki nilipeleka chakula cha msiba, nyama ya kusaga na viazi kwenye bakuli langu la kuokea, lile la bluu lenye utepe wa jina langu chini. Sebuleni kwao pametundikwa kitambaa kikubwa. Mama yake, Bi Youa Lor, alikitarizi kambini Thailand walipokuwa wakimbizi. Hakina hata neno moja. Juu ni milima, nyumba, kuku, mahindi. Katikati moshi, na watu wanakimbia. Chini mto. Watu wanaingia mtoni wakiwa sita. Ng'ambo wanatoka watano.

Nilihesabu mara tatu, bakuli mkononi linaniunguza. Nikaliweka bakuli mezani, nikampa pole, nikaondoka.

Hicho ndicho nataka watoto waanze nacho. Wakisome wenyewe. Nisiwaambie kitu. Nikae kimya mpaka mmoja wao ahesabu.

Fomu inataka saini ya mwenye mali kwa kitu kisichokuwa cha shule. Kesho nitamwuliza.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeuliza. Amekataa.

Nilimsubiri amalize kuosha sinia. Nikamweleza. Kitambaa cha mama yake darasani, wiki moja, ndani ya fremu ya kioo, na yeye akipenda aje aseme mawili matatu. Akafuta mikono kwenye aproni. "Ah, hapana, Mwalimu. Kitambaa tu kile. Watoto watachoka." Nikasema sawa, naelewa, samahani kwa kukusumbua. Nikaondoka upesi. Nadhani alikuwa bado anataka kusema kitu, lakini sikutaka kumlazimisha. Mimi si wa kumwendea mtu aliyefiwa nikamkaba koo. Kwao huenda hapana ni hapana. Nimwache.

Roho imeniuma, lakini nimefanya la heshima.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Akina Mama. Kanisani wamegawa maua kwa kila mama. Nami nimepewa, hutolewa kwa kila mwanamke mwenye mvi. Nikiwa nimeshika lile ua ndipo akili ikanijia: hii ni Siku ya Akina Mama ya kwanza kwa Mai Yia bila mama yake. Na mimi, mwalimu mzima, nimemfuata siku mbili kabla yake, nikamwomba kitambaa cha mama yake.

Sikuimba wimbo wa mwisho. Nilijiona mjinga.

Jumatatu, 13 Mei

Leo kijiko kimoja tu cha viazi.

Najua, ni viazi. Lakini miaka kumi na minne amekuwa akiniongezea. Leo alimimina kimoja, akasema "karibu", akamgeukia wa nyuma yangu. Nimekula bila hamu.

Salcido amerudi kutoka ziwani mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Msimu wa kuvua umefunguliwa Jumamosi, wanaume wote wa mji walikuwa majini, wamemchukua naye. Hajapata samaki, amepata jua. Nikamwambia habari ya kitambaa, na kwamba nimekataliwa. Akasema pole, hata hivyo bodi ingeuliza kina kurasa ngapi. Akasema wale mashujaa wa panga wapo, nakala ishirini na nane, bure, weka hao tumalize. Anasema kwa upole, na hesabu yake ni sahihi. Nikamwambia nitafikiri.

Jumanne, 14 Mei

Nimempigia Ardis. Dada yangu ana miaka sabini na mbili na bado ananiita wewe mtoto. Nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

Akauliza: umemwomba mara ngapi?

Mara moja.

Nikadhani simu imekatika.

"Marlys. Mara moja?"

Nikamwambia Ardis, yeye si kama sisi, wale wana mila zao, sikutaka kumsumbua. Akasema wewe mtoto, huyo kaja hapa na miaka tisa. Kakulia kwenye theluji hii hii. Mwaka jana kwenye mnada wa kanisa nilimkaribisha kahawa, akakataa mara mbili kama bibi yetu, ya tatu akasema nusu kikombe, akanywa vitatu. Halafu wewe unamwomba kitu cha marehemu mama yake mara moja, anasema hapana ya adabu, unageuza mgongo na kukimbia. Unajua kasikia nini? Kasikia kwamba hukukitaka sana.

Ardis akasema basi usilie, kuna mvua huko? Tukaongea habari za mvua.

Kumbe. Miaka thelathini na minane nawafundisha watoto wa watu wasome kilichofichwa nyuma ya maneno, na mimi mwenyewe nimeshindwa kusoma hapana moja. Nilimwona mgeni. Ndilo linalonichoma. Nilidhani namheshimu, kumbe nimemweka nje ya mlango. Na jina lake liko kwenye kitabu changu tangu 1987!

Jumatano, 15 Mei

Mara ya pili.

Nilikwenda baada ya kengele ya mwisho. Alikuwa anafuta meza. Nikasema Mai Yia, nimerudi kwa kile kitambaa. Nakitaka kweli. Nilikuomba vibaya, na siku mbaya, unisamehe.

Akaendelea kufuta. "Hapana, Mwalimu. Watoto wataangalia simu zao." Lakini meza ile alishaifuta. Akaifuta tena. Nikavuta kiti nikakaa, na yeye hakuniambia niondoke.

Baada ya muda akasema, sauti ya chini: "Watauliza wa sita yuko wapi."

Nikamwambia siwezi kuwajibu, mimi mwenyewe sijui.

Akasimama. "Ulihesabu?"

"Nilihesabu. Mara tatu. Bakuli likaniunguza."

Aliweka kitambaa cha kufutia mezani. Akakaa mbele yangu. Kuna kovu dogo juu ya nyusi yake ambalo sikuwahi kuliona miaka yote hii. Akasema watu wote wanaoingia kwake wanasifu rangi. Rangi nzuri, kazi ya mikono, imechukua muda gani, ungeiuza bei gani. "Miaka thelathini na minane, Mwalimu. Hakuna aliyewahi kuhesabu." Akaniambia mama yake alikuwa akikaa kwenye kochi akiwatazama wageni wanavyokitazama kitambaa. Anasubiri. Wakishaondoka anasema kwa Kihmong, lugha yao, hawa pia hawajui kusoma.

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Nami nikacheka, halafu nikatoa leso.

Sikumwuliza wa sita ni nani. Si haki yangu.

Akainuka, akachukua ndoo yake. "Hata hivyo, hapana," akasema. "Ni kitambaa tu." Alipofika mlangoni akageuka. "Bakuli lako bado liko kwangu. Aibu. Nitakuletea kesho jioni."

Hiyo ni mbili.

Alhamisi, 16 Mei

Asubuhi nimejaza fomu kwa penseli. Cha nane. Mwandishi: Youa Lor. Kurasa: moja. Mahali pa kuchapishwa: kambi ya wakimbizi, Thailand. Sababu ya kukichagua: nimeandika na kufuta mara nne, mwisho nimeacha neno moja, "Hesabu." Nafasi ya saini iko wazi. Salcido alipita akasoma begani kwangu. Akasema nikipata saini, bodi atazungumza nayo yeye. Halafu akachukua keki mbili bila kukaribishwa. Mtu huyu nitamzoea.

Viazi leo: vijiko viwili. Sijui nianze kufurahi au nisubiri.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Yuko hapa! Ametoka kwenda barazani, simu yake imelia, binti yake anampigia. Naandika haraka kwenye meza ya jikoni, daftari juu ya fomu.

Alivua viatu mlangoni. Nikamkaribisha kahawa. Hapana, Mwalimu, sikai. Nikamkaribisha tena. Usijisumbue kwa ajili yangu. Nikamkaribisha ya tatu, mkono umeshashika birika. Haya, nusu kikombe. Sasa yuko kwenye cha pili. Ardis, mshenzi wewe, ulisema kweli.

Tumeongea mvua. Tumeongea bei ya mayai na goti langu. Kitambaa hatujakitaja, yeye wala mimi. Ananitazama juu ya kikombe kama anavyomtazama mtoto aliyesahau kuchukua maziwa yake. Alikuwa hivyo hivyo pale dirishani, jibu analo, anangoja kuitwa.

Bakuli liko mbele yangu. Limefunikwa kwa karatasi ya alumini, imebanwa kingo zote vizuri. Kwao bakuli la mtu halirudishwi tupu, na kwetu pia. Nilishatoa sahani mbili, nikijua ni mikate ya kukunja ya nyama, maana mikate yake hiyo ni maarufu mji mzima.

Nimelisogeza ili nipate pa kuandikia. Jepesi. Nimelinusa, sina haya. Halinuki nyama wala kitunguu. Linanuka kabati, na zile dawa za kufukuza nondo, wadudu wala nguo, ambazo mama yangu naye alikuwa akiweka kwenye nguo zake nzuri.

Sijafunua. Sifunui mpaka afunue mwenyewe.

Namsikia anamuaga binti yake. Nimeweka kalamu ya wino kando ya fomu, halafu nimeiondoa, isije ikaonekana namharakisha, halafu nimeirudisha. Mlango. Anaingia, anakaa, anasogeza kikombe chake kwangu kwa cha tatu, na mimi bado sijamwuliza mara ya tatu.