Taarifa ya Baba Yako Mbele ya Bodi

Nsemulwa,
Mpanda, Katavi.
14 Juni, 2025

Mpendwa mwanangu Aline,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Kila ulipopiga simu nilikujibu kwa kifupi, kwa sababu ulinikuta kwao, baba yako akiwa karibu, na mambo haya hayakufaa kusemwa akisikia. Hujambo? Yohani na watoto hawajambo? Natumaini homa ya yule mdogo imekwisha. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua. Mama yako yuko kwangu. Sababu utaisoma hapa chini. Usimpigie simu kabla hujaimaliza barua hii.

Unajua kwamba tunaomba ugonjwa wa kichwa wa baba yako utambuliwe kuwa umetokana na kazi ya jeshi. Ukitambuliwa, jeshi litamtibu na kumtunza. Usipotambuliwa, atabaki mikononi mwetu, nasi hatumwezi.

Mwezi wa pili bodi ya madaktari wa jeshi ilimwita. Alipiga pasi shati lake, akaingia, akasimama mguu sawa. Daktari alipomwuliza anaumwa nini, alijibu, "Mzima, afande." Alipoulizwa kama huanguka, alijibu vilevile. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikaona jasho likimtiririka kisogoni. Mama yako alipotaka kueleza, alimkatiza: "Yustina, askari hasemewi na mkewe." Bodi iliandika ilichokisikia, ikatupa nafasi ya kurudi mara moja tu. Siilaumu.

Baada ya hapo vifaa vilianza kupotea nyumbani kwao Magamba. Kwanza panga, halafu shoka, halafu mundu, mwishowe hata kisu cha jikoni. Mama yako alikuwa akikatakata mboga kwa vidole. Alifanya mzaha: "Mwizi gani huyu, anaacha redio anachukua kisu butu?" Tulicheka sote. Baba yako hakucheka.

Mwezi uliopita nilimwendea Kapteni mstaafu Manyanda, aliyekuwa mkubwa wake walipokuwa vitani Kongo. Siku hizi anafuga ng'ombe nje ya mji. Nilimwomba aje azungumze na baba yako kwa upole. Akaniambia, "Mwalimu, huyo habembelezwi. Huyo anaamriwa."

Jumatano iliyopita, tuliporudi mbele ya bodi, Kapteni alifika. Alieleza jinsi bomu lilivyoanguka kando ya gari lao, na jinsi baba yako alivyoinuliwa damu ikimtoka masikioni, kisha akarudi kazini bila kutibiwa. Alipomaliza alimgeukia baba yako na kusema, "Sajenti, toa taarifa."

Baba yako aliitoa. Hakupandisha sauti wala hakuishusha. Alisema kwamba huanguka shambani na kuzinduka bila kujua yuko wapi. Alisema sikio la kushoto halisikii kabisa. Kisha akasema kwamba zipo siku anamwona mwanamke uani kwake, hamjui ni nani, na mkono wake unatafuta silaha.

"Kwa hiyo silaha zote nimezikabidhi kwa jirani, afande. Imebaki mikono."

Mama yako hakulia. Aliniuliza tu kama ninacho kitanda cha pili.

Jirani huyo ni Apollinarie, unamkumbuka. Vifaa vyote amevifungia stoo. Anasema baba yako alimwagiza asimpe hata kimoja, hata akija kuomba vizuri. Sasa baba yako anaishi peke yake; Apollinarie humwekea chakula barazani na kuondoka upesi.

Jana baba yako alikwenda kuliomba panga lake. Aliomba vizuri. Apollinarie alimwambia ufunguo umepotea, naye akashukuru, akakaa mlangoni pa stoo mpaka jua likazama.

Najua utataka kuja. Sikukatazi, ila watoto waache huko Masasi. Ukifika Magamba usiingie uani kimya kimya kama ulivyozoea. Simama barabarani, upande wake wa kulia, utaje jina lako kwa sauti, usubiri akuitikie kwa jina hilo. Asipolitaja, geuka uje kwangu.

Bodi haijatoa uamuzi. Itakapoutoa, nitakuandikia siku hiyohiyo, uwe mwema au mbaya.

Mama yako anakusalimu. Msalimie Yohani, na rafiki yako Matilda akija hapo kwenu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na amkumbushe baba yako sura zetu.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,

Theopista