Mzunguko wa Denny

Jumapili, 22 Aprili 2018

Harlan Hofstra alinishika mkono leo mlangoni mwa kanisa. Tangu Agosti alikuwa akinipita tu. Msimu wa mbio za magari unafunguliwa Jumamosi ya tarehe 12 Mei, akasema, na wenye uwanja wanataka magari yote yazunguke mara moja polepole, kabla ya mbio, kumkumbuka mwanawe Denny. Anaomba binti yangu Joleen aongoze.

Nikamwuliza, mkeo Arlene anasemaje?

"Arlene hasemi kitu siku hizi, Marlys."

Arlene alikuwa ndani ya gari tayari, amefunga mkanda, anatazama mbele. Miaka ishirini na mbili tumekaa benchi moja pale uwanjani, safu ya saba. Yeye akimshangilia Denny, mimi Joleen. Sauti zinakauka zote mbili, Jumatatu tunapigiana simu tukikoroma kama vyura. Leo hata dirisha hakushusha.

Gerrit kafurahi. Gari likikaa bila kuwashwa linaharibika, anasema. Mume wangu huyu — akishindwa kumzungumzia binti yake, huzungumzia gari.

Jumatano, 25 Aprili

Naandika upesi, Gerrit yuko bandani na mashine ya kupandia mahindi.

Nilimfuata Joleen gereji na ujumbe wa Harlan. Alifunua turubai la gari lake. Ubavu wa kulia bado una rangi ya bluu, ya gari la Denny, pale Joleen alipompenyea kwa ndani Agosti, kwenye kona ya nne. Denny akarushwa nje, akapinduka mara tano. Siku tatu hospitali, kisha basi.

Nikadhani atakataa kuongoza. Akasema kitu kingine.

"Mama, nilimwona."

Nikasema, ulituambia tope lilijaa kwenye kioo cha helmeti.

"Lilikuwepo. Lakini nilimwona. Nilijua nafasi haitoshi. Nikajiambia atanipisha. Denny hunipisha siku zote, tangu utotoni. Sikuondoa mguu kwenye mafuta."

Nikamwuliza umemwambia nani. Akasema hakuna.

"Basi usimwambie mtu."

Lilinitoka kabla sijafikiri. Joleen akalirudisha turubai, akalivuta vizuri kila pembe, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

Uongo huo aliuzaa yeye. Sasa mimi ni mlezi wake.

Jumanne, 8 Mei

Joleen amekubali kuongoza. Haongei nami zaidi ya habari za chakula.

Leo Gerrit kapaka rangi ubavu ule wa kulia. Bluu haipo tena. Nimesikia harufu ya rangi mpaka jikoni, nikashusha pumzi. Halafu nikajichukia kwa kushusha pumzi.

Ijumaa, 11 Mei

Mvua asubuhi. Simu ikalia — Arlene.

"Kesho utakaa wapi?"

Safu ya saba, nikasema.

"Haya." Akakata.

Miezi tisa, na maneno manne tu. Nimekaa na simu mkononi mpaka chai imepoa.

Jumamosi, 12 Mei

Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Lori la maji lilikuwa bado linalowesha udongo. Gerrit na Joleen wakashusha gari kwenye tela, mimi nikapanda jukwaani peke yangu. Nikakaa. Baada ya muda Arlene akaja, bila Harlan, akakaa pale pale pake. Amekonda. Alikuwa na mikate miwili ya nyama ya kusaga, akanipa mmoja bila kuniuliza, wenye kachumbari ya haradali, ninavyopenda mimi. Hakusahau.

Tukala. Tukasema mvua, tukasema bei ya mbegu. Kisha magari yakatoka, Joleen mbele.

Jamaa mmoja nyuma yetu, kopo la bia mkononi, akapaza sauti: "Mpisheni huyo dada! Mpisheni, asije akawazika na nyie!"

Wawili watatu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa. Arlene ndiye aliyegeuka.

"Huyo ni mtoto wa rafiki yangu," akamwambia, taratibu tu. "Aliyekufa ni wangu mimi. Wewe kinachokuuma ni nini?"

Jamaa akavua kofia. Akasema samahani, mama. Mimi ningependa ardhi inimeze.

Walizunguka polepole, ngurumo ya chini chini. Kona ya nne, Joleen akasimama. Hakuambiwa asimame. Magari ishirini nyuma yake yakasimama. Nikahesabu mpaka arobaini, hasogei. Mshika bendera akampungia mkono, hasogei. Nikadhani atashuka. Nikaomba asishuke.

Arlene akanishika mkono.

"Hakumwona, sivyo? Tope lile. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani najiambia, mtoto wa watu hakuona. Ndiyo naweza kuweka miguu chini."

Nikasema, "Tope lilikuwa jingi siku ile."

Kweli tupu. Lilikuwa jingi. Sijawahi kusema kweli iliyooza kiasi hicho.

Gari likasogea. Mbio zikaanza, na Joleen akamaliza wa kumi na tisa. Kila aliyemkaribia alimwachia njia, hata vijana wa mwaka wa kwanza. Gerrit akamwuliza kwenye tela kama injini ina shida. "Injini ni nzima, Baba," akasema.

Njiani kurudi Joleen aliniuliza mama yake Denny aliniambia nini. Nikamweleza. Nilidhani akisikia atanyamaza maisha yake yote.

"Kumbe anaishi kwa uongo wangu," akasema.

Nikamwambia ukimwambia utamwua.

"Unamlinda nani, Mama? Yeye, mimi, au wewe?"

Gerrit alikuwa ameshika usukani. Akapunguza mwendo, akabonyeza redio kuizima, nayo ilikuwa imezimwa tayari — akaiwasha. Ndipo nikajua naye amejua. Siku nyingi pengine. Ndiyo sababu ya rangi ile.

Jumapili, 13 Mei

Siku ya Mama. Kanisani walimpa kila mama ua moja. Mzee wa kanisa alipofika kwa Arlene akasitasita, hajui ampe au ampite. Arlene akanyoosha mkono akalichukua mwenyewe.

Baada ya ibada Joleen akamfuata. Nilisimama mbali, lakini nilisikia. Alimwomba aje kwetu saa tisa, ana neno. Arlene akamkumbatia. Akamwambia, hakuna aliyenialika popote leo, mwanangu, watu wananiogopa. Nitaleta pai.

Mchana kutwa nimemsihi Joleen. Nimemwambia ngoja wiki moja, leo si siku. Akasema hakuna siku ya hili. Nimemwambia mzigo huu ni wako, ubebe, usimtwishe mwenye msiba. Hapo akasema labda, Mama, sijui. Lakini akenda kunawa uso.

Gerrit kaenda shambani na trekta. Jumapili! Hajawahi kulima Jumapili tangu anioe.

Saa tisa kasoro tano. Naandika hapa kwenye meza ya jikoni ili mikono ipate kazi. Gari la Arlene limeingia uani. Anashuka, pai mkono mmoja, mkono wa pili anatengeneza nywele. Amevaa gauni la maua. Tangu Agosti sijamwona kavaa rangi.

Joleen ametoka kumpokea. Ningeweza kumwita aje achukue vikombe. Dirisha liko wazi, sauti ingefika. Wamesimama pale pale kwenye changarawe, hawaji ndani. Arlene anacheka kitu, anamshika shavu.

Joleen ameichukua ile pai, ameiweka juu ya gari.

Sasa ameshika mikono yote miwili ya Arlene, anaanza kusema, na mimi sijamwita.